Siku Nilipomuuza Mama Mbegu

Wambui,

Blanketi, sufuria na vyeti vyako viko kwenye sanduku la bluu, na hilo ndilo la mwisho nitakalosema kuhusu mizigo. Kuhusu chakula, kanisa na wanaume wa Nairobi nilishasema mpaka ukachoka. Yaliyokuingia yameingia. Umeenda Njoro kumuaga nyanya yako na utarudi jua likizama, kwa hivyo nina saa chache za kuandika kitu ambacho wiki hii nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu, na mara zote tatu nikaishia kukuuliza kama umekula.

Jumanne ya wiki jana nilikuwa naanua nguo nyuma ya nyumba. Wewe ulikuwa jikoni ukiongea na Faith, simu umeiweka spika kwa sababu mikono yako ilikuwa na unga. Nilisikia yote. Alikuwa anakueleza hiyo kazi ya kuandikia watu wa ng'ambo kwenye mtandao, ile mnayoenda kufanya pamoja huko Kasarani.

"Ukianza na akaunti mpya utakaa miezi sita bila kazi," alisema. "Hii imekomaa. Iko na nyota tano. Mwenyewe ni mwanamke wa majuu, huko ng'ambo, anaitwa Rebecca, hata haitumii."

Ukauliza, "Na wakitaka kuona uso?"

"Tunamlipa kidogo, anajitokeza kwa video. Wambo, acha uoga. Kila mtu anafanya hivyo."

Ukasema, "Sawa. Niwekee."

Sikuingia jikoni. Ningeingia niseme nini, mimi niliyeuza yangu?

Unamkumbuka Mama Mbegu. Ulikuwa darasa la nne nilipofungua akaunti ya jina hilo kwenye jukwaa la wakulima mtandaoni, kwa ile simu ndogo iliyopasuka kioo. Nilikuwa nauza mbegu na dawa za mimea kwenye duka la agrovet hapa mjini, nimesimama nyuma ya kaunta kutwa nzima, wateja wakiniona kama mtu wa kufunga mzigo tu. Mwenye duka hakuwahi kuniuliza ninajua nini. Kule kwenye jukwaa niliulizwa. Mtu wa Molo alitaka kujua kwa nini viazi vyake vinaoza ghalani, nikamjibu. Mwingine akaleta habari za viwavi kwenye mahindi, nikamjibu. Nilizaliwa katikati ya viazi, na pale kaunta nilikuwa nasoma kila karatasi iliyokuja na dawa, kwa hivyo majibu yangu yalifaa. Na nisipojua, nilisema sijui. Nadhani hilo ndilo lililowafanya waniamini, ingawa wakati huo sikuliona.

Nilifanya hivyo miaka saba, bila mtu kunituma. Ilifika mahali watu wakibishana humo ndani, mmoja anaandika, "Ngojeni Mama Mbegu aje," na ubishi unatulia. Sijui kama kuna mahali pengine duniani nimewahi kungojwa hivyo.

Katika hao wote kulikuwa na Rono, mkulima wa Kuresoi. Aliniita Mwalimu. Msimu mmoja viazi vyake kwenye kona ya shamba vilianza kulala jua likiwaka na kuamka jioni, kama mtu mwenye homa. Nikamwambia akate shina, alitumbukize kwenye glasi ya maji safi, angoje. Akiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka majini, basi ni mnyauko, na mnyauko hauna dawa. Aling'oe eneo lote, achome, asipande viazi hapo kwa miaka kadhaa. Alifanya hivyo siku hiyo hiyo na shamba lililobaki likapona. Mwezi uliofuata lori lilisimama mbele ya duka, dereva akashusha gunia lililoandikwa kwa mkaa: KWA MWALIMU. Uliniuliza nani amelituma. Nikasema ni rafiki.

Rafiki asiyejua hata jina langu. Unajua babu yako alikuwa na shamba upande ule wa Molo. Unajua tuliondoka kule nikiwa msichana, wakati wa vurugu za kikabila, tukiwa na godoro moja, na babu hakurudi hata kuangalia kama paa bado liko. Rono ni Mkalenjin, mimi ni Mkikuyu. Tungekutana sokoni tungesalimiana kwa adabu, kila mtu aende zake na moyo wake umefungwa. Lakini kule kwenye jukwaa mimi nilikuwa mtu anayejua viazi na yeye alikuwa mtu anayeuliza maswali mazuri. Tangu tutoke kule, hakuna mtu wa kule aliyewahi kuniamini kama yeye. Nami nilimfanyia nitakayokueleza.

Ulikuwa Form Two. Nilipeleka simu kwa Dennis, yule fundi aliyekuwa na kibanda ghorofani karibu na soko. Alipokuwa anaijaribu akaona akaunti.

"Mathe, huyu Mama Mbegu ni wewe?"

Nikasema ni mimi, na nikajisikia vizuri.

"Una watu wengi hapa. Unajua kuna wasee wananunua akaunti za zamani kama hii? Mtu akianza leo, nani atamsikiliza? Anatafuta jina lililokomaa."

"Wanunue wafanyie nini?"

"Biashara. Matangazo. Hiyo si shida yako, mathe. Wewe unatoa tu neno la siri."

Nilipaswa kuuliza tena. Sikuuliza, Wambui, kwa sababu nilijua jibu la pili lingenizuia. Na nilikuwa na uchungu. Asubuhi hiyo mwenye duka alikuwa amenifokea mbele ya wateja kwa kosa la mtu mwingine. Nikajiambia: miaka saba nimewafaidi watu bure, hata mmoja hanijui, kwa nini nami nisipate kitu? Mtu akishaanza kuhesabu wema wake, yuko karibu kuuuza. Nililiandika neno la siri kwenye kipande cha boksi la simu, nikampa.

Nilikuambia niliiuza ili usirudishwe nyumbani kwa karo. Kaa chini unaposoma hapa. Si kweli. Karo ya muhula ule baba yako alikuwa ameshailipa yote kwa kazi yake ya kutengeneza malori Mai Mahiu. Mimi nilinunua viti. Vile vya maroon vilivyo sebuleni. Nilitaka wanawake wa chama chetu cha akiba wakija kwangu wakae mahali pa maana, waache kunitazama kwa huruma.

Siku uliponikuta nalia na nikakudanganya hivyo, nawe ukalia, ukasema utasoma mpaka unirudishie heshima yangu. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, kisha akatoka nje akaenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Hajalitaja jambo hilo mpaka leo. Kuna kunyamaziwa kubaya kuliko matusi. Na wewe, miaka yote hii, ukipata alama mbaya ulikuwa unaniomba mimi msamaha. Nilikuacha uombe. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu wewe hukuwa mtu wa kwenye jukwaa. Ulikuwa hapa, mbele yangu.

Sasa nikwambie kwa nini nilikuwa nalia.

Baada ya kuuza niliendelea kusoma jukwaa kama mgeni, bila akaunti. Mwezi wa kwanza Mama Mbegu alisalimia watu tu. Alikuwa ameiga hata namna yangu ya kuandika, ile ya kuanza na "Ndugu mkulima." Nilishtuka kuona jinsi nilivyo rahisi kuigwa. Kisha msimu wa kupanda ukakaribia, akatangaza kwamba ana mbegu za viazi aina ya shangi, safi, zilizokaguliwa, na atazifikisha mpaka shambani. Watu walifurahi. Waliandika, "Hatimaye!" Rono akaandika, "Mwalimu, niwekee magunia ishirini. Nitawaambia na majirani."

Nilimpigia Dennis simu. "Huyo mtu anauza mbegu kwa jina langu. Mbegu gani hizo? Amezitoa wapi?"

"Mathe, mimi ni broker tu, dalali."

"Mwambie aache."

"Sikiza. Ukiuza gari, na dereva mpya agonge mtu, polisi watakuja kwako? Ulishauza. Kaa mbali na hiyo kitu."

Unajua nilifanya nini? Nilishukuru. Kwa kweli nilisema asante. Alikuwa amenipa neno nililolitafuta. Kwa siku nyingi nilitembea na hilo gari kichwani mwangu, nikijiambia niliuza gari. Lakini mtu akinunua gari hawi wewe. Akipita barabarani watu hawamwiti kwa jina lako wakamfungulia lango.

Na ningeweza kuzuia. Kufungua akaunti mpya kulikuwa kazi ya dakika tano. Nilifungua hata, nikaandika: "Msinunue, huyo si Mama Mbegu, mimi niliuza akaunti." Nikalisoma hilo neno "niliuza". Nikafikiria watu wa duka wakiliona, na chama, na wewe. Nikafuta. Rono alikuwa hajalipa bado. Hilo nalijua, kwa sababu tarehe ya kulipa aliiandika mwenyewe. Kulikuwa na siku tatu.

Mbegu hizo zilikuwa viazi vya kula tu, Wambui. Vidogo vilivyobaki sokoni, kutoka mashamba yasiyojulikana, vimetiwa kwenye magunia mapya. Vilichipua vizuri. Maua yalikuwa yanakaribia ndipo Rono alipoweka picha ya glasi ya maji juu ya meza, ndani yake kipande cha shina, na nyuzi nyeupe zikishuka. Chini aliandika, "Mwalimu, nimefanya ile uliyonifundisha. Maziwa yanashuka. Nifanye nini?"

Nilikuwa kazini. Niliitazama picha ile mpaka mteja akanigongea kaunta. Niliporudi kuitazama, Mama Mbegu alikuwa ameiondoa na kumfungia Rono nje. Jioni hiyo ndipo uliponikuta nikilia.

Niliwaandikia wasimamizi wa jukwaa, kwa siri, nikidai akaunti ni yangu. Walinijibu kwa ufupi kwamba mwenye neno la siri ndiye mwenye akaunti, na kwamba kuuza akaunti ni kuvunja sheria zao, je, ningependa kueleza zaidi? Sikupenda kueleza zaidi. Leo ukimtafuta Mama Mbegu utamkuta anauza dawa za kupunguza unene.

Miaka mitano nimekaa hivyo. Nimeenda kanisani, nimeimba, nimekaa kwenye viti vyangu. Nilijiambia yaliyopita si ndwele. Mpaka Jumanne ile niliposikia binti yangu akisema "niwekee" kwa sauti ile ile ambayo nilikuwa nimeisoma kwa Rono.

Jana, Alhamisi, nilikuambia naenda kwa daktari wa meno. Nilienda Kuresoi. Rono hakuwa mgumu kupatikana. Katika miaka ile alikuwa ameeleza njia ya kwake mara nyingi, na kwenye kituo cha matatu kila mtu anamjua. Nilimkuta anarekebisha ua wa shamba lake. Ni mfupi kuliko nilivyomdhania, na mzee zaidi.

"Karibu, mama. Unatafuta nani?"

"Wewe. Mimi ndiye Mama Mbegu."

Aliweka nyundo chini. Hakukasirika. Aliniuliza neno moja: "Yupi?"

Nilimweleza yote tukiwa tumesimama pale, hata jina langu, hata nilikozaliwa. Alisikiliza akitazama ua. Mwishoni akasema, "Yule aliyeniambia ning'oe ile kona na kuchoma, alikuwa wewe?"

"Ndiyo."

"Na aliyeniuzia mbegu?"

"Hakuwa mimi."

"Nami nitajuaje?" akasema. "Wote wawili waliniambia ndugu mkulima."

Niliinama nikaiokota nyundo yake, nikampa.

Mke wake, anaitwa Mama Kibet, alitoka na chai. Alinipa kwa mikono miwili, kama desturi, lakini hakukaa nami. Alinionyesha shamba akiwa amesimama. Wamepanda ngano kidogo na nyasi za ng'ombe. Viazi hawajagusa tena, kwa sababu ugonjwa ule hukaa ardhini, na mvua iliusambaza mpaka chini kwa jirani.

"Hasara tuliizoea," aliniambia. "Mkulima anazoea hasara. Lakini majirani sita walinunua kwa sababu mume wangu aliwaambia mtu huyu namjua. Wanasema alikula pamoja na wezi. Alikuwa mweka hazina wa kikundi, wakamtoa. Alikuwa mzee wa kanisa, sasa anakaa nyuma. Miaka mitano hakuna mtu hapa amemuuliza chochote kuhusu shamba. Unajua mtu kama yeye asipoulizwa anakuwaje?"

Najua. Mimi ni mmoja wao.

"Mimi sitaki pole yako," akasema. "Njoo useme mbele yao. Waone uso. Uje na kitambulisho, wasome jina lako lote, wajue alidanganywa na mtu aliyekuwepo kweli."

Kikundi chao hukutana Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa. Nikamwambia Jumamosi hii binti yangu anasafiri, tufanye ile inayofuata.

"Sisi tumengoja miaka mitano," alisema. "Chagua wewe."

Rono aliendelea na ua wake. Hakunisindikiza.

Kuhusu akaunti ya huyo Rebecca sitakukataza. Una miaka ishirini na mbili, na nimepoteza haki ya kukuhubiria. Nikuambie tu ninayoyajua. Kila kazi nzuri utakayofanya itaandikwa kwa jina lake. Siku akibadilisha neno la siri utabaki na mikono mitupu, na hutakuwa na mahali pa kushtaki, maana utaanza vipi kushtaki? Siku wakitaka uso wakati yeye hapatikani, utakaa mbele ya simu unatetemeka kama mwizi, wewe ambaye kazi uliifanya mwenyewe. Na yule mtu wa upande wa pili, anayeona nyota tano na kusema huyu namjua, hajui lolote. Faith anasema kila mtu anafanya hivyo. Labda ni kweli. Hata mimi Dennis aliniambia kuna wengi. Lakini kwenye ule ua wa Rono sikumkuta hata mmoja wa hao wengi. Nilikuwa peke yangu.

Miezi sita bila kazi ni mirefu, najua. Nami sina cha kukupa cha kuijaza. Ukianza na jina lako utadharauliwa kwanza, na huenda usifanikiwe. Sitakudanganya kwamba ukweli hulipa. Mimi nitausema kesho na sitegemei kulipwa chochote. Huenda wakanifukuza. Huenda kuna mzee pale atakayesikia jina langu na kukumbuka mambo ya zamani, akasema ndivyo walivyo hawa. Naogopa hilo kuliko matusi mengine yote, kwamba nimewapa watu sababu.

Ukiamka utakuta kitanda changu kimetandikwa. Baba yako atakupeleka stendi. Nitakuwa nimeshatangulia, kwa sababu mkutano wao huanza asubuhi na Kuresoi ni mbali. Nilitaka sana kukuona ukipanda gari, nikuwekee mkono kichwani, nilie kama mama wengine. Nimekuwa nikisema kila nilichofanya nilikifanya kwa ajili yako, na mengi ya hayo yalikuwa uongo. Hili silifanyi kwa ajili yako. Nalifanya kwa ajili ya mtu niliyemharibia jina, na nimelichagua badala ya kukusindikiza. Ukasirike ukitaka. Una haki.

Usinipigie kabla ya saa nane mchana. Nitakuwa nimesimama mbele ya watu, na nataka simu iwe imezimwa, nisipate kisingizio cha kutoka.

Mama yako,
Wangari